Kimya cha mwenzetu mezani

Katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za ndoa, za shule na za mashamba. Mara hii tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya karata. Twajua kwamba kwa wengi wetu karata ni shughuli ya watu wanaokaa kando ya barabara, wakiumaliza mshahara kabla haujafika nyumbani. Mchezo tunaotaka kuueleza hauhitaji fedha. Unaitwa briji. Tulifundishwa na padri mmoja mzee, Mbelgiji, tulipokuwa wanafunzi wa ualimu huko Kivu, na katika mchezo huo tulitenda jambo ambalo kwa miaka zaidi ya thelathini tumelieleza kwa mtu mmoja tu.

Kwanza mchezo wenyewe, maana bila kuuelewa hamtaona kosa lilikuwa wapi.

Wanacheza watu wanne, wawili wawili. Anayekaa Kaskazini ni mwenzake wa Kusini, na wa Mashariki ni mwenzake wa Magharibi. Karata 52 zinagawiwa, kila mtu anapata 13. Padri alitufundisha majina kwa Kifaransa, lakini Kiswahili cha pwani kina majina yake mazuri tangu zamani, nasi tutayatumia hayo: pau, uru, kopa, shupaza. Karata kubwa ni ree, kisha mfalme, malkia na ghulamu. Kila mmoja akitupa karata moja duru imekwisha, na mwenye karata kubwa, au mwenye turufu, ameishinda. Duru ni 13.

Hapo hakuna jipya. Jipya la briji ni kwamba kabla ya kutupa karata ya kwanza kuna mnada. Kila mmoja kwa zamu yake anatoa dau, yaani anaahidi kwamba yeye na mwenzake watashinda duru kadhaa, na turufu itakuwa aina fulani. Hesabu inaanza juu ya sita: anayesema «moja ya kopa» anaahidi duru saba, anayesema «nne za shupaza» anaahidi kumi. Dau la mwisho ndilo mkataba. Wakiutimiza wanapata pointi, na mkataba wa nne za kopa au nne za shupaza una zawadi kubwa. Wakishindwa, pointi zinakwenda kwa adui. Mnada huu kwa sura tunayoijua leo ulipangwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini katika meli iliyopita mfereji wa Panama.

Sasa tazameni ugumu wake. Katika mnada maneno yanayoruhusiwa ni 38 tu: madau 35, neno «napita», na maneno mawili ya kuzidisha hesabu, ambayo sisi tuliyaita kontre na surkontre. Na karata 13 ambazo mtu anaweza kuzishika mkononi zina namna 635,013,559,600. Kwa maneno 38 unatakiwa kumweleza mwenzako ni ipi kati ya hizo unayoishika, huku adui wanasikia kila neno. Wala hairuhusiwi maana ya siri. Jozi ikikubaliana kwamba dau fulani lina maana fulani, adui wakiuliza sharti waelezwe.

Padri alitufundisha kuhesabu kama wengi wanavyohesabu: ree pointi 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, jumla 40 katika karata zote. Mwenye 12 au 13 anafungua mnada. Wawili wakiwa na 25 au 26 pamoja, waende mpaka nne. Wanafunzi wavivu waliishia hapo, nasi tulikuwa miongoni mwao mwaka wa kwanza. Mzee alikuwa akitupokonya karata na kuuliza: huyu mfalme wako anakaa wapi? Maana mfalme anayecheza baada ya mwenye ree ni askari mlangoni, hapiti mtu. Mfalme yuleyule akikaa mbele ya mwenye ree, anayecheza kabla yake, ni mfungwa. Pointi zake ni 3 pale na 3 hapa, lakini thamani yake si moja. Na namna ya kujua ree iko wapi, kabla ya kuiona, ni kusikiliza mnada: nani alisema, nani alinyamaza, na alisema wakati gani. Alitukataza kuchambua mkono wetu peke yake. Tulipaswa kuchambua mikono minne, mmoja tunaouona na mitatu tunayoisikia.

Mchezo wa timu ndio uliotupendeza kuliko wote. Timu moja ni watu wanne, wawili wanakaa Kaskazini na Kusini katika meza ya kwanza, wawili Mashariki na Magharibi katika meza ya pili. Karata zinapokwisha kuchezwa meza ya kwanza hazichanganywi. Zinawekwa katika kibao chenye mifuko minne, zinapelekwa meza ya pili, na huko zinachezwa upya, mikono ileile, na watu wengine. Hivyo hakuna anayeweza kulia kwamba alipata karata mbaya. Adui yake katika meza ile nyingine alishika hizohizo. Tofauti ya matokeo ya meza mbili inageuzwa kuwa pointi za timu kwa kipimo maalum: tofauti ya 500 hadi 590, kwa mfano, ni pointi 11. Vibao vyetu mzee alivitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya sabuni.

Jioni nyingine, umeme ukikatika, alikuwa akitusimulia michezo mikubwa ya dunia kama watu wengine wanavyosimulia vita. Aliyopenda zaidi ni ya mwaka 1975 huko Bermuda, fainali ya ubingwa wa dunia kati ya Italia na Amerika ya Kaskazini. Waitalia walikuwa wametawala ulimwengu wa briji tangu 1957. Katika fainali ile, mikono michache kabla ya mwisho, Belladonna na Garozzo walipanda katika mnada mpaka saba za pau, yaani duru zote 13, hakuna hata moja ya kupoteza. Turufu za upande mmoja zilikuwa mbili tu, ree na malkia. Mfalme wa pau alikuwa kwa Mmarekani Kantar. Kama mfalme yule angalikaa upande mwingine, mkataba ulikuwa umekufa. Kama angalikuwa na karata mbili za kumlinda badala ya moja, umekufa vilevile. Mfalme alikaa mahali pabaya kwake na alikuwa na karata moja tu ya kumsindikiza. Belladonna alicheza malkia, halafu ree, na mfalme akaanguka. Katika meza nyingine Wamarekani walikuwa wamesimama kwenye sita. Italia wakachukua ubingwa.

Sisi vijana tulishangilia. Mzee akasema kwamba lile lilikuwa dau baya lililopata bahati nzuri, na kwamba tusilipigie makofi kwa sababu ya mwisho wake. Kisha aliongeza habari ya pili ya mashindano yaleyale, ambayo tuliisahau upesi. Mwaka ule kwa mara ya kwanza waliweka katikati ya meza kiambaza kilichoikata kwa mshazari, ili mchezaji asimwone mwenzake usoni. Kiambaza kiliziba juu tu. Wachezaji wawili wa Italia wakashtakiwa kwamba mmoja alikuwa akimgusa mwenzake mguu chini ya meza. Wakuu wa mashindano waliwakemea vikali kwa mwendo wa miguu usiofaa, bila kutamka kwamba habari yoyote ilipitishwa, na vimeza vidogo vikawekwa chini kuizuia miguu. Timu iliendelea kucheza na ikashinda. Padri hakutuambia la kufikiri juu ya hayo. Alizima taa ya mafuta na kutupeleka kulala.

Twende sasa kwenye siku yetu. Ilikuwa mwaka 1992, mwisho wa masomo. Mzee alipanga mashindano ya timu mbili, mikono 16. Yeye na mwalimu wa hesabu walikuwa katika timu ya pili pamoja na wanafunzi wawili. Sisi tulicheza na mwenzetu tuliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu, mtu mpole, mwepesi katika mnada. Tumfikirie hivyo: hakuwa mtu wa kukawia. Zawadi ilikuwa kitabu cha briji cha mzee, cha Kifaransa, kilichoshonwa upya kwa uzi wa viatu.

Mkono wa 14, pande zote mbili zikiwa katika hali ya hatari, yaani zawadi na adhabu zimepanda. Tulikuwa Kusini. Tulishika shupaza sita: ree, malkia, kumi, nane, sita, tano. Kopa mbili ndogo, saba na tatu. Uru mbili, mfalme na nne. Pau tatu: mfalme, ghulamu na mbili. Pointi 13. Tulifungua moja ya shupaza. Magharibi akasema mbili za kopa. Mwenzetu akasema mbili za shupaza, yaani anazo karata za kuunga mkono lakini nguvu yake ni ndogo. Mashariki akasema tatu za kopa. Nasi tukasema tatu za shupaza. Magharibi akafika nne za kopa.

Zamu ikawa ya mwenzetu. Akatazama karata zake. Akazipanga upya. Nje watoto wa shule ya msingi walikuwa wakiimba wakirudi nyumbani, nasi tuliwasikia wakipita kutoka mwanzo wa ua hadi mwisho wake. Ndipo akasema: «Napita.» Mashariki akapita. Ikawa juu yetu.

Tuuchambue mkono huu kama mzee alivyotufundisha. Kwa dau la tatu tulikuwa tumekwisha kusema yote tuliyokuwa nayo, hatukubakiwa na siri. Kopa mbili tutazipoteza mara moja, maana adui wana aina hiyo yote. Mfalme na ghulamu wetu wa pau wanakaa mbele ya Magharibi, na Magharibi ndiye aliyetoa dau la kwanza na la mwisho la adui. Basi yaelekea ree ya pau ni yake, na mfalme wetu ni mfungwa. Zaidi ya hayo, mwenzetu ndiye aliyejua mikono yote miwili, wake na wetu, naye aliamua kupita. Dau sahihi lilikuwa kupita na kujaribu kuwaangusha.

Tukasema: «Nne za shupaza.»

Kwa nini? Ndugu wasomaji, tunaandika hili polepole. Kwa sababu mwenzetu alikuwa amekawia. Mtu asiye na kitu hapangi upya karata zake, anapita mara moja. Kimya kile kilitwambia kwamba alikuwa na kitu zaidi ya dau lake. Ni neno la 39.

Sheria ya mchezo ni wazi. Ile ya kumi na sita inasema juu ya habari isiyoruhusiwa: kufikiri kwa muda si kosa, kila mtu ana haki ya kufikiri. Lakini aliyeona mwenzake akifikiri hana ruhusa ya kukitumia alichokiona. Penye njia mbili za haki, asichague ile iliyoonyeshwa na kimya. Mwenzetu hakukosa lolote. Kosa lilikuwa la aliyesikia.

Magharibi akaanza na ree na mfalme wa kopa. Tulipoteza hizo mbili. Mwenzetu alikuwa na shupaza nne zenye mfalme, na ree ya uru. Turufu za adui zilikuwa tatu, zikatoka kwa duru mbili. Tukaongoza pau kutoka kwake kuja kwetu, na hapo ndipo tuliona: ree na malkia wa pau wote wawili walikuwa kwa Mashariki, si kwa Magharibi. Walicheza kabla yetu, si baada yetu. Tulipoteza pau moja tu. Duru kumi, mkataba umetimia, pointi 620.

Katika meza ile nyingine, aliyeshika shupaza zetu sita alikuwa mzee mwenyewe. Mnada ulikwenda neno kwa neno kama wetu mpaka nne za kopa. Mwenzake alipita, kwa upesi wa kawaida. Mzee akapita. Magharibi, aliyekuwa wa timu yetu, alipoteza shupaza moja, uru mbili na pau moja, akakosa duru moja: pointi 100 kwa upande wa mzee. Kwetu 620, kwake 100. Tofauti 520, pointi za timu 11. Tulishinda mashindano yote kwa pointi 5. Tungalipita kama yeye, angalitushinda kwa 6.

Huo ndio ubaya wa mchezo wa timu kwa mwenye kosa. Katika karata za kawaida hakuna kioo. Hapa palikuwa na mtu mwingine aliyeshika karata zetu, akasikia maneno yetu, akachagua tofauti, na jambo moja tu halikufanana.

Baada ya hesabu mzee alitukaribia na karatasi mkononi. Hakuwa na hasira.

«Mwanangu, kama mwenzako angalipita mara moja, ungalisema nini?»

«Nne vilevile, Baba Padri. Shupaza zangu zilikuwa sita.»

Alitutazama kidogo. Akasema «Vema», akaandika 11 katika safu yetu, na jioni akatupa kitabu mbele ya wote. Ndani yake alikuwa ameandika majina yetu mawili na tarehe. Mwaka uliofuata alirudi Ubelgiji kwa ugonjwa, na hatukuonana tena. Barua tatu tulimwandikia. Katika ya tatu tulianza sentensi kuhusu mkono wa 14, tukaichana karatasi, tukaandika nyingine juu ya mvua na juu ya watu aliowajua.

Msituambie kwamba ni karata tu. Tulijisemea hivyo miaka mingi. Hakuna fedha iliyopotea, hakuna aliyelala njaa. Lakini katika mchezo ambao uzuri wake wote ni kwamba wawili wanaelewana kwa maneno yaliyo wazi kwa kila mtu, tulichukua kitu kisichokuwa cha wazi, na tulipoulizwa na mtu aliyetuamini tukasema uongo bila kukawia hata nukta. Sisi ambao sasa tunawafundisha watoto kuungama.

Miaka michache iliyopita tulikutana na mwenzetu yule katika mazishi. Ni mkuu wa shule sasa, mvi kichwani kama sisi. Tulikaa nyuma ya nyumba na tukamweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Tukamwuliza: siku ile ulikuwa ukifikiri nini? Tulidhani atasema alitaka kutoa nne za shupaza, kwa sababu ya turufu yake ya nne.

«Hapana, ndugu yangu», alisema. «Nilitaka kuweka kontre. Nilikuwa na ree na mfalme, nikaona wataanguka. Niliogopa tu.»

Kwa hiyo hata ile habari ya wizi tuliisoma vibaya. Kimya chake kilisema «tuwaangushe», nasi tukasikia «tupande». Pau zikakaa mahali ambapo hazikutarajiwa, na zikatupa ushindi. Mzee angalitukumbusha mfalme wa Kantar.

Jumapili alasiri, baada ya mafundisho, tunacheza briji na walimu vijana wanane katika chumba cha parokia, meza mbili. Kitabu kiko pale, uzi wa viatu umeshika bado. Mwezi uliopita tuliandika ubaoni mkono wa Kusini na mnada mzima hadi nne za kopa, tukamwomba kila mmoja aandike dau lake kwenye kipande cha karatasi. Hatukuwaeleza chochote. Saba wakaandika mara. Wa nane, mwalimu wa darasa la tatu, aliinua mkono.

«Mwalimu, huyu Kaskazini alipita haraka au alikawia?»

Tulimjibu kwamba hana ruhusa ya kuuliza. Aliinama tena juu ya karatasi yake, akaandika, akaikunja. Tulipozifungua, zote nane zilikuwa zimeandikwa «napita».